Kura iliyoangukia mstarini

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya kijito, na Damalie Taaka tayari amesimama majini hadi magotini. Anamwaga tope la mawe yaliyosagwa juu ya ubao uliotandikwa blanketi kuukuu, analisukuma taratibu kwa maji ya kopo, kisha anainama kutazama kilichonaswa na manyoya ya blanketi.

Wanawake wenzake hapa kwenye machimbo ya Sikuda, wilayani Busia, upande wa Uganda, wanasema Damalie huosha dhahabu kama mtu aliye ndotoni. Mikono inafanya kazi, macho yamekwenda mbali, huko Tororo, ambako siku isiyo na vumbi ule mwamba mkubwa unaosimama juu ya mji huonekana wa samawati, kana kwamba hauna uzito.

"Mimi silali," anajitetea kwa Kiswahili chake cha mpakani, bila kuinua kichwa. "Hii kazi nataka mtu pole. Ukikimbiza maji, na dhahabu nakimbia."

Ana miaka thelathini na tisa na watoto wanne. Aliacha shule akiwa kidato cha nne, mwaka aliofariki baba yake, mzee Oguttu. Wiki njema humpa kama shilingi elfu hamsini za Uganda. Wiki mbaya humpa maumivu ya mgongo.

Lakini siku hizi jina lake likitajwa kijijini, dhahabu haimo. Watu humtaja kama yule aliyeinua karatasi.

Ilikuwa siku ya uchaguzi wa rais. Kwa kuwa anajua kusoma na hati yake ni nzuri, Damalie alipewa kazi ya siku moja ya ukarani kwenye kituo cha kura kilichowekwa uwanja wa mpira. Meza ilikuwa moja, sanduku moja, na pembeni beseni la plastiki juu ya kiti, ambamo mpiga kura huinamisha kichwa na kuweka alama yake bila jirani kuchungulia.

Daftari la wapiga kura lilikuwa mikononi mwake. Lilikuwa na majina mia sita na kumi na moja, na kando ya kila jina picha ndogo ya uso. Kila aliyefika, Damalie alimtafuta, akamtazama, akamtia alama.

"Nilikuwa nafikiri najua watu wa hapa," anasimulia. "Kumbe sijawahi kuwatazama. Kwenye picha mtu anakutazama kabisa, kama anakuuliza kitu."

Asubuhi foleni ilizunguka nusu ya uwanja. Mchana ikapungua. Kuanzia saa nane, walikuja mmoja mmoja, wakipishana na mbuzi waliokuwa wakila nyasi za golini. Saa kumi jioni msimamizi wa kituo, mwalimu Luke, alipofunga upigaji kura, Damalie alihesabu alama zake. Waliopiga kura walikuwa mia mbili themanini na watatu. Chini ya nusu.

Majina mia tatu ishirini na nane yalibaki bila alama. Baadhi alijua ni ya marehemu. Wengine walikuwa ng'ambo ya mpaka, Busia ya Kenya, wakipakua malori. Elinah, jirani yake wa kijitoni, alikuwa pale pale kijitoni.

"Siku hiyo maji yote yalikuwa yangu," Elinah anakiri, akicheka kidogo. "Hakuna kusukumana. Nikasema, hao wengine watachagua."

Kura zilihesabiwa hapo hapo uwanjani, jua likiwa bado juu, watu wakiwa wamekaa kwenye nyasi. Luke alifungua karatasi, akasoma jina, akampa Damalie, naye akaiinua juu na kuizungusha pole pole ili kila jicho lione. Umati ulihesabu kwa sauti moja. Mawakala wa wagombea wawili wakuu, Brian na Tom, walisimama mita mbili kutoka mezani wakiandika.

Ndipo Luke akafungua karatasi moja na asisome.

Mpiga kura alikuwa ametumia dole gumba. Alama ya wino ilikaa juu ya mstari wenyewe unaotenganisha visanduku vya wagombea hao wawili, nusu huku, nusu huku.

"Inua," Luke akamwambia.

Damalie akaiinua. Jua lilipita kwenye karatasi, na ndani ya ile alama akaona mchirizi mweupe uliokatiza kutoka juu hadi chini, kwa mshazari. Dole lile alilijua. Mama yake, Abbo, alijikata gumba la kulia akimenya muhogo zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na kovu halikuwahi kufutika.

"Hiyo imeegemea kwetu," alisema Brian.

"Imeegemea kwenu wapi? Kwetu ndiyo nyingi," akajibu Tom.

Watu wakaanza kusimama. Luke alimgeukia karani wake. "Wewe uko karibu, Damalie. Unaona nini?"

Alijua zaidi ya alichokiona. Asubuhi ile walikuja pamoja kwa miguu, na njiani mama yake, mwanamke wa Tororo aliyeolewa huku na ambaye hajawahi kuficha mawazo yake, alimweleza waziwazi nani atampa na kwa nini. Neno moja lingetosha. Kwenye nyasi, katikati ya akina mama, Abbo alikuwa amekaa mkono wake wa kulia umefunikwa kwa leso, akimtazama.

"Mdomo ulikuwa mzito kama umejaa mchanga," anasema Damalie. "Nilijua mama nataka niseme. Lakini nikisema hii ni ya mama, kesho nitasema ile ni ya nani? Watu wameinama kwenye beseni ili wasionekane. Mimi ni nani nimuinue mtu kichwa?"

Alimjibu Luke, "Naona mstari, mwalimu. Alama iko kwenye mstari."

Luke akawaita mawakala karibu, wakatazama tena, na mwishowe akaiweka upande wa kura zilizoharibika. Hesabu ikaendelea. Ilipokwisha, Luke alisoma matokeo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hata yeye hakuamini. Mgombea wa kwanza, kura mia moja thelathini na tisa. Wa pili, mia moja thelathini na tisa. Wengine wote waligawana tatu. Mbili ziliharibika.

Halafu mtu mmoja nyuma akasema polepole, "Sasa tumechagua nani?"

Njiani kurudi nyumbani, mama na binti walitembea wakiwa wameachana hatua kumi.

"Ile karatasi ilikuwa yangu," alisema Abbo.

"Najua, mama."

"Uliona dole langu na ukanyamaza."

"Kura ni siri, mama."

"Siri kwa nani? Mimi si nilikuambia mwenyewe?"

Kwa siku tatu mama yake hakumsemesha. Chakula alikula, maji alioga, lakini maneno yake aliwapa wajukuu na kuku.

Siku ya pili redio ikatangaza matokeo ya nchi nzima. Mshindi alimwacha mwenzake kwa kura nyingi mno, kiasi kwamba vituo vizima kama hiki vingeondolewa kwenye hesabu na isionekane pengo. Kijiji kilichotoka sare hakikutajwa popote. Damalie alidhani jambo limeishia hapo.

Halikuishia. Jumapili kaka yake Sam, anayepakua saruji upande wa Kenya, alifika nyumbani na fulana ya kazini, hata hajanawa. Jina lake liko kwenye lile daftari. Siku ya kura dada yake alimpigia simu mara mbili, naye akajibu kwamba wakubwa wanashindana kwa mamilioni ya kura, yake moja itaongeza nini.

"Ni kweli mlitoka sare?" aliuliza kabla ya kuketi.

"Ni kweli."

"Sare kabisa? Hata moja?"

"Hata moja."

Sam alikaa kwenye ngazi ya mlango, akavua kiatu kimoja, akasahau kuvua kingine. "Kwa hivyo ningekuja…"

"Tusingetoka sare."

"Lakini hapo juu isingebadilisha kitu."

"Hapo juu sijui," Damalie akamwambia. "Mimi nasema hapa."

Sam hakuwa peke yake. Wiki ile yote watu walimfuata Damalie kijitoni wakiuliza jambo lile lile kwa namna mbalimbali. Mmoja alisema alikuwa akipalilia. Mwingine alikuwa msibani Lunyo. Elinah aliweka kopo lake ubaoni, akasema, "Mimi nilikuwa hapa tu. Ningefika na nirudi." Watu mia tatu, na kila mmoja sasa aliamini kwamba aliyekosekana ni yeye.

Ni hapo Damalie alipoanza kuota. Katika ndoto, anasema, wale wa daftari wasio na alama wanakuja kijitoni kwa foleni, nyuso zao ndogo kama picha, na hawagombani wala hawasemi. Kila mmoja anaingiza mkono majini na kuutoa. Wamo marehemu, wamo wa Kenya, wamo vijana ambao hata majina yao hayajui. Anaamka bila hofu. "Ni ndoto nzuri," anasema. "Wanakuwa wengi mpaka maji napanda."

Mpango wake ni mdogo na ameshauanza. Siku zisizo na mawe ya kuosha huingia boma moja baada ya jingine, akiuliza nani amehama, nani amefariki, nani ametimiza miaka kumi na minane, ili daftari litakapobandikwa tena kwa ukaguzi kila nyumba ijue la kurekebisha. Amefikisha maboma arobaini na saba. Hamuulizi mtu atampa nani. Sam ameahidi kuja na wapakuaji wenzake tisa wa kutoka Sikuda, na amemwambia dada yake asimpigie simu, atakuja mwenyewe.

Na Abbo? Siku ya nne baada ya uchaguzi, bibi huyo mwenye miaka sabini na moja alivunja ukimya wake kwa kuomba kalamu ya mjukuu. Tangu siku hiyo, kila jioni kabla jua halijazama, hukaa kwenye mkeka na daftari la shule, akichora visanduku na kuweka alama ya vema ndani yake. Kurasa za kwanza alama zilitambaa hadi nje. Sasa nyingi zinakaa ndani.

Ni yeye aliyeruhusu kisa cha dole lake kiandikwe. Nani alikusudia kumpa, anasema, hilo lisiandikwe. Sasa na yeye ameamua ni siri.

"Miaka tano hadi kura nyingine ni mingi kwa mtu kama mimi," anasema Abbo kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Tororo, akipuliza ukurasa kana kwamba wino haujakauka. "Nikifika, naweka yangu katikati ya kisanduku. Nisipofika, basi, mkono wangu ulikuwa tayari."