Siku Tanuri Lilipoachwa Lipoe

Walimwita Mama Mvuke, na jina lenyewe alilipenda. Kwa miaka ishirini na sita alisimamia tanuri la makaa ya mawe katika kituo cha umeme, akijua kwa kusikiliza tu kama moto unawaka vizuri au unasuasua. Walipotangaza kwamba kituo kitafungwa baada ya miaka miwili, na kwamba jua, bwawa na betri vitashika nafasi yake, alicheka hadi akafuta machozi. Mdogo wake alikuwa mgonjwa wa figo, na mara tatu kwa wiki aliunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Mama Mvuke aliwaambia wenzake waziwazi kwamba uhai wa mdogo wake hatauachia betri.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, miezi michache kabla ya kufungwa, betri zikiwa zimeshaunganishwa, bomba la mvuke likapasuka. Hakuna aliyeumia, lakini mtambo mzima ulijizima kwa mkupuo, na mshale wa kipimo cha umeme unaotoka ukaanguka hadi sifuri. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya mdogo wake kuwa kwenye mashine, na jenereta ya hospitali ilikuwa mbovu tangu mwezi uliopita. Mama Mvuke akampigia simu.

"Umeme umekatika hapo?"

"Haujakatika, dada. Niko kwenye mashine. Kwani vipi?"

"Hata taa hazikupepesa?"

"Feni yenyewe inanigandisha, nimewaomba waizime wamekataa."

Alikata simu bila kuaga, akaketi sakafuni na kofia yake ngumu kichwani. Alishukuru, tena sana. Ila kulikuwa na jambo jingine lililomuuma, akaona haya kulitamka: wao wameanguka, na mji mzima hauna habari.

Fundi mkuu alikuja kumweleza kwamba betri zilidaka mzigo papo hapo, kisha bwawa likafunguliwa zaidi. Mama Mvuke akauliza wataanza lini kuziba bomba. Fundi mkuu akatazama viatu vyake. Makao makuu, alisema, wameagiza lisizibwe.

"Na tanuri?"

"Liachwe lipoe."

"Lipoe mpaka lini?"

"Lipoe tu, mama."

Lilichukua siku tatu kupoa. Alikuja siku zote tatu, ingawa hakuwa na zamu, akasimama mbele yake mikono nyuma.

Baadaye walimpeleka kozi ya miezi mitano, na sasa anasimamia betri zilezile. Mdogo wake alipomuuliza kama amezoea, alisema bado. Kule kuko kimya mno, na kuna asubuhi anaingia kazini akiwa ameduwaa kama siku ile alipoketi sakafuni.