Bendera Niliyoibana Kwapani

Ndugu Msimamizi wa ukurasa, niwie radhi. Uliniomba kisa hiki kabla ya mfungo, nami nikanyamaza hadi leo. Kila nilipoanza kuandika niliinuka, nikaenda hadi barabarani, nikarudi sina neno. Naomba jina langu lifichwe.

Nina umri wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu, mkazi wa Boko. Tangu nistaafu, kila asubuhi husimama kwenye kivuko cha njia panda yetu nikiwa na bendera nyekundu, nikiwavusha wanafunzi na majirani. Hakuna aliyenituma. Nikiinua bendera, magari husimama. Mtoto asiyeniamkia namrudisha nyuma, aniamkie, ndipo avuke.

Asubuhi ile niliinua bendera, gari dogo likasimama. Dereva alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Alishusha kioo, akatoa mikono yote miwili: "Shikamoo, Mwalimu." Sijapata kuitikia salamu ya mtu huku nimemwinulia kitu usoni. Niliibana bendera kwapani, nikampa mkono, nikamuuliza hali ya mama yake. Jirani yangu muuza vitumbua, aliyekuwa ameona gari limesimama, akaanza kuvuka. Bodaboda ikatokea nyuma ya gari, ikapita kushoto, ikamgonga. Alivunjika mguu.

Kabla watu hawajafika, nilikuwa nimekwisha kuinua bendera tena. Wote waliikuta juu.

Polisi walipochukua maelezo nilisema haikushuka hata mara moja. Mwanafunzi wangu alipoulizwa, alinitazama kwanza, kisha akasema kama nilivyosema. Kijana wa bodaboda alieleza kwamba hakuona bendera, akadhani gari linashusha abiria. Watu walimcheka. "Yaani Mwalimu aongope, wewe ndiye useme kweli? Acha zako."

Kijana naye alikosea; kwenye kivuko mtu hapiti gari lililosimama. Hilo nimejiambia mara nyingi, wala halinitulizi. Jirani yangu bado amefungwa plasta. Nikienda kumjulia hali huniombea dua, na kuwaambia wageni kwamba bila mimi angekuwa kaburini. Siwezi kumaliza hata kikombe cha chai kwake.

Wiki iliyopita alikuja mama wa yule kijana. Aliniamkia, akakataa kiti, akaketi ngazini.

"Sijaja kubishana, Mwalimu. Nakuuliza mara moja tu. Bendera ilikuwa juu au chini?"

"Juu," nikasema.

Aliinuka akijikung'uta vumbi. "Haya. Kama umesema wewe, basi mie nitamwambia mwanangu akiri, aombe msamaha."

Kesi ya kijana itasikilizwa Alhamisi. Nikisema kweli, nitamwaibisha na mwanafunzi wangu, aliyeongopa kwa kuniheshimu. Nikinyamaza, kijana atakiri jambo ambalo mama yake ameliamini kwa sababu limetoka kinywani mwangu.

Wasomaji, msinionee haya kwa umri wangu. Nishaurini: nianzie mahakamani, au kwa mama yule? Bendera iko nyuma ya mlango, na tangu alipokuja sijaigusa. Watoto wanavuka peke yao. Nikikata shauri, nitawaandikia.