Isale Mkononi mwa Primus

Dominika anafundisha nadharia ya kompyuta katika chuo kimoja mjini Moshi, na jioni hupanda kurudi Kibosho, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, alichoachiwa na baba yake. Mimi ni jirani yake. Nimemsikiliza kuliko nilivyotaka, maana akianza habari za mashine zake, hata ndizi zilizoko jikoni zitaungua.

Mashine yenyewe huioni popote, ni ya kuchorwa tu. Ina hali chache, na kila wakati imesimama katika mojawapo. Unaisomea neno herufi moja moja. Kila herufi inaihamisha au inaiacha palepale. Neno likiisha, unatazama imesimama wapi, ndipo ujue limekubaliwa au limekataliwa. Mstari mmoja wa alama unatosha kueleza maneno yote itakayoyakubali, na ndivyo kompyuta inavyotambua kwamba ulichoandika ni namba ya simu, si jina la mtu.

"Haikumbuki ilikopita," aliniambia. "Inajua ilipo tu."

"Basi ni mjinga."

"Mjinga mwenye bahati, jirani."

Nilijua anamfikiria nani. Kaka yake, Primus, hakuwa amemsemesha tangu walipomzika baba yao. Palepale kaburini alitamka mbele ya ukoo mzima kwamba binti harithi kihamba. Wanatenganishwa na mstari wa masale tu, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani, lakini wakikutana njiani Primus anageuzia uso migombani. Mimi ningekwisha kumtukana. Dominika yeye alitaka kaka yake arudi, na zaidi ya mara moja alilia mbele yangu bila kujificha.

Jumamosi moja tulikuwa uani tukimenya ndizi za mtori, Primus akatokeza ameshika isale.

Kwetu, mtu akikuletea isale anaomba msamaha, na humkatalii. Dominika akainuka, kisu kikamponyoka. Mimi nikaangalia vizuri. Lile halikuwa jani la kuombea radhi, lilikuwa shina zima lililokatwa kwa ajili ya kupandwa, na mkono wa pili ulikuwa na panga. Nani anakwenda kuomba msamaha na panga? Ng'ombe walikuwa wamevunja masale nyuma ya nyumba, na njia ya kufika kule inapita uani. Herufi ni ileile, angesema Dominika mwenyewe, lakini inakupeleka kwingine kutegemea hali uliyomo.

Nilifungua mdomo nimzuie asiaibike. Akaniwahi. Alimwendea kaka yake, akalipokea lile shina kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, kaka. Hata yale ya kaburini."

Primus aliutazama mkono wake mtupu. Neno moja tu lingetosha kumvunja dada yake, naye si mtu wa kumeza maneno. Nilimchukia kabla hajasema kitu.

"Dada," akasema hatimaye, "nilikuwa nakwenda kupanda mpaka."

Primus akaegemeza panga ukutani, polepole, kama mtu aliyechoka.

"Lakini umeshapokea. Kaa nalo. Nilikukosea, na watu walisikia. Nitawaita wote wasikie tena."

Dominika akamsogezea kigoda changu, bila hata kuniomba.

"Panga nililiona, kaka," akasema. "Keti."