Mama Mukwe Ndani ya Nyumba, Miye Ndani ya Gari

Gari yangu ni ya zamani, ya paa ya turubai, ile paa inakunjwa nyuma kama mutu anavua kofia. Patron wangu wa zamani, yule niliyemutumikia, alikuwa anaikodesha kwa ndoa. Bibi arusi anakaa juu, anapungia watu mukono, na mutu wa kamera anatangulia anatembea kinyumenyume. Siku moja yule wa kamera alianguka katika mufereji, na arusi ikaendelea, hakuna aliyemungoja. Lakini barabara za Ndosho, mutaa wetu, ni mawe ya volkano, na mawe ya volkano hayaheshimu bibi arusi. Motere ya gari ikakufa. Patron, akienda Ulaya, akaniambia, "Papa, kamata hiyo gari, ni yako." Tangu hapo iko nyuma ya nyumba yangu, haitembei, kuku wanataga chini yake.

Hata hivyo haikuwa inanisumbua. Shida ilianza wakati mama mukwe alikimbia vita kule Masisi, akafika kwetu na kafurushi kake kichwani.

Nyumba yangu ni ya mbao, vyumba viwili, paa moja ya mabati. Na kwetu, mwanaume halali chini ya paa moja na mama mukwe wake. Hamuangaliane usoni, hamupeane mukono, na neno likitaka kupita kati yenu, linapitia kwa bibi yako, binti yake. Jirani yangu, fundi wa viatu, alinicheka.

"Muzee, vita ilikimbiza watu. Desturi ilibakia kule kilimani."

"Basi ingia umuambie mama mukwe hivyo."

Hakuingia.

Mama mukwe mwenyewe, siku ile alifika, alikaa mulangoni amenipa mugongo, akasema na binti yake kwa sauti kubwa ili nisikie miye: "Ambia baba ya watoto, kama hana pengine pa kulala, nitarudi kwangu. Siwezi kufukuza mwanaume katika kitanda chake."

Kurudi wapi? Nyumba yake kule ilikuwa katikati ya watu wa bunduki. Na kwa majirani watu walikuwa wamejaa, wengine wanalala wamekaa. Nikaambia bibi yangu, na miye kwa sauti kubwa: "Muambie nitalala katika gari. Gari iko na paa yake."

Halafu akasema, "Muambie, paa ile ikivuja, nitajua. Na nikijua, nitaenda."

Na paa ilikuwa inavuja.

Nikaanza kazi. Palipopasuka nilishona na uzi wa jirani, ule wa viatu, nikapakaa mushumaa juu ya mushono ili maji yateleze. Kioo cha nyuma si kioo, ni plastiki, na kilikuwa kimegeuka manjano kama meno ya muvuta tumbako na kupasuka katikati. Nikafunika na kipande cha shitingi, ile plastiki nyeupe ya makambi, nikabandika na kole ya kuzibia mipira ya baiskeli. Mafundi wa kweli wanasugua kwanza, wanangoja ikauke. Miye niliangalia mawingu, sikungoja.

"Muzee," jirani akasema, "hapo hata bibi arusi anaweza kupanda tena."

"Apande na mwamvuli wake."

Mvula ikakuja, na mushono ukashika! Nililala chali nasikiliza maji yakigonga juu, nikajiona mukubwa. Halafu nikashusha miguu. Maji yalifika kwenye vifundo. Juu pakavu, chini ziwa. Sikuelewa yanaingilia wapi.

Asubui bibi yangu akaleta chai. "Ulilala muzuri?"

"Mukavu kama unga," nikamujibu, lakini bulangeti ilikuwa inadondoka maji. Akaianika. Akaianika kesho yake pia, na kesho kutwa. Ndipo mama mukwe akasema kutoka mulangoni: "Mbona bulangeti ya baba ya watoto inakaushwa kila asubui? Anajikojolea?"

Bibi yangu alicheka mpaka akakaa chini. Miye nikafikiri. Afazali niitwe mukojozi kuliko yule mama arudi Masisi.

"Muambie ndiyo. Ni uzee."

"Pole yake," mama mukwe akasema. Tangu siku ile wakaninyima chai ya jioni.

Nikaendelea kutafuta. Mwisho nikaona: pale paa inapokunjwa kuna kamufereji kadogo, na kila upande shimo. Maji ya paa yanashuka katika lile shimo, yanapita katika kamupira ka maji ndani ya ubavu wa gari, yanamwagika inje. Muchanga mweusi wa volkano ulikuwa umeziba yote, maji yakatokea pale kamupira kanaungana na shimo, yakashuka chini ya kiti. Nikafurahi, maana kuzibua hata mupumbavu anaweza. Nikakamata sipoki ya baiskeli, nikachokoa kwa hasira ya usiku zote zile. Nikasikia kitu kinaanguka ndani, pap. Kamupira kalikuwa kazee, kalikatika, kakaenda pahali mukono haufike. Upande wa pili nikachokoa polepole, kwa heshima. Nako pap.

Sasa maji yote ya paa yalikuwa yanashukia moja kwa moja chini ya kiti. Nikaziba mashimo na sabuni na vitambaa. Kamufereji kakajaa, kakamwagikia kichwani kwangu. Nikizibua, inanyesha miguuni. Nikiziba, inanyesha kichwani. Jirani akaangalia, safari hii bila kucheka. "Hapo ni kukata chuma, muzee. Miye ni mutu wa viatu."

Halafu kikohozi kikanikamata. Nilijaribu kukohoa ndani ya bulangeti, lakini mbao za nyumba yangu zinapitisha hata pumzi.

Asubui mama mukwe alikuwa amefunga kafurushi kake. "Ambia baba ya watoto," akasema, "mukojo hauleti kikohozi."

Alisema anaenda Munigi, kwa binti ya kaka yake mwenye hema kambini. Wote tulijua kwamba kutoka Munigi njia ya kurudi kwake iko wazi kwa mutu mukaidi. Bibi yangu akalia, akanivuta shati. "Sema kitu!" Nikamuambia amuombe mama yake abakie. Akamuomba. Mama mukwe akajibu kwamba hakuzaa binti ili kuja kumuua bwana ya binti yake.

Motari, mutu wa piki ya kukodisha, akafika, akapiga honi. Njia ya kutoka inapita kando ya gari; ili apite, mama mukwe akajifunika uso na kitambaa, na miye nikageukia gari, kle, spana yangu, mukononi, nakaza nati ya paa ambayo haikulegea. Nikasikia sapato za miguuni mwake zinakuja nyuma yangu. Zikasimama. Bibi yangu alikuwa kati yetu, anangoja neno la kubeba. Hakuna aliyemupa.

Sapato zikaendelea. Piki ikawaka. Niliendelea kukaza ile nati mpaka ikakatika.