Ukuta wa Kando ya Mlango

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Aru, na dereva wa pikipiki akanipitisha Saio, mtaa nilikokulia, bila mimi kumwomba. Nikamwambia asimame. Pale ilipokuwa nyumba ya bibi yangu pamejengwa nyumba ya matofali ya kuchoma, ukuta wa buluu. Nilitafuta kwa macho mahali ulipokuwa mlango wetu, na ule ukuta wa kushoto kwake. Utaniuliza, ukuta wa udongo una nini cha kutafutwa?

Kila mwaka kabla ya Noeli, bibi alikanda udongo na majivu akasiliba nyumba upya. Kuta zote alizichora mwenyewe kwa vidole, isipokuwa ule wa kando ya mlango. Huo alimpa mjukuu mmoja auchore anavyotaka, na kila mgeni aliyebisha hodi alilazimika kuutazama. Dada zangu walikuwa wameshapata zamu zao. Mwaka ule ilikuwa yangu.

Ndio mwaka vita vilipoingia mjini. Shule ilifungwa, na mimi sikurudi tena darasani. Masasi ya bunduki yakilia tulijibana chini ya kitanda. Yakinyamaza tulitoka kutwanga sombe, majani ya mihogo. Jirani yetu mwalimu, aliyekuwa hana wa kumfundisha, alituletea ukurasa wa kalenda ya zamani wenye duara lililojaa maua, kila ua likitazamana na mwenzake.

"Hii inaitwa mandala," alisema. "Kule Asia batu banaichoraka juu moyo itulie."

Hapo hapo nikajua kitakachokaa kwenye ukuta wangu. Nikaanza kujifunza uani. Nilifunika beseni chini, nikalizungushia kijiti, kisha nikajaza maua kutoka ukingoni kuelekea ndani. Yalipofika katikati yalibanana kama watu kwenye mlango wa kanisa. Nilifuta kwa mguu, nikaanza tena.

Kisha akaja msichana wa Djugu. Yeye na mama yake walikuwa wamekimbia na godoro moja na kuku mmoja, na bibi akawapa chumba cha nyuma. Alinitazama nikichora, akachuchumaa kando yangu, akaweka nukta moja mavumbini. Akaizungushia duara dogo, na hilo akalizungushia jingine, maua yakazidi kufunguka mpaka yakafika kwenye mafiga.

"Yako iko jicho ya mbuzi," aliniambia bila kuinua kichwa.

"Na yako iko mavi ya ng'ombe."

Bibi alikuwa anamenya mihogo. Alicheka mpaka akaweka kisu chini, akaja kututazama.

"Huyu amesuka lungo," alisema. Kisha akanigeukia. "Weye unafungaka mulango kwanza, kisha unaita bageni baingie."

Kweli, kwao msichana alikuwa akisuka lungo la kupepetea maharage. Yeye alianza katikati na kusuka, na bibi yake ndiye aliyefunga ukingo. Bibi huyo alibaki Djugu, miguu ilikataa kukimbia. Hayo nilikuwa nayajua. Hata hivyo, kila jioni nilipomwona amekaa kwenye mkeka ubavuni mwa bibi yangu, mahali pangu, akipewa kichwa cha samaki, niliisukuma sahani yangu ya bugali kando. Niliuonea wivu hata msiba wake, kwa sababu ndio uliomfikisha kwenye mkeka ule.

Noeli ikakaribia. Bibi alisiliba ukuta mmoja tu, ule wa mlango, kwa kuwa kwenda bondeni kuchimba udongo kulikuwa hatari. Akachukua mkaa na chokaa, akampa msichana.

"Mugeni anaanzaka," alisema.

Nilikwenda kukaa nyuma ya choo. Jua lilikuwa limeshapinda niliposikia msichana akiniita.

"Kuya huku. Ukingo inanishinda. Weye unajua pembeni."

Nikaenda. Mandala ilikuwa imejaa ukutani, nzuri kuliko ya kalenda, lakini duara la mwisho lilikuwa limepinda. Nikachukua kamba na mkaa nikalifunga, naye akanishikia kamba katikati kwa kidole, hakukitikisa hata mara moja. Majirani walipokuja walisifu maua. Ukingo wa lungo nani anautazama?

Barabara ilipofunguka, mama yake alimpeleka Mahagi, na sijapata habari zake tena. Mvua ilikula ukuta kuanzia pembeni. Duara langu lilitoweka kwanza. Maua yake yalidumu mpaka masika mengine, na kila nilipotoka mlangoni yalinitazama. Bibi naye akafariki. Mimi nikaanza kuzurura, Kasenyi, Mambasa, Aru, nikijifunza kazi za kila aina na kuziacha.

"Tunaenda, ao?" dereva aliniuliza.

Nilikuwa nimechuchumaa kando ya ule ukuta wa buluu, kijiti mkononi. Nilitaka kuanza na nukta. Nilipotazama chini, mkono ulikuwa umeshachora ukingo, mviringo safi kabisa, na ndani yake vumbi tupu.