Mama Redio na Kitufe cha Sauti

Wagonjwa walimwita Mama Redio, na jina hilo alilipenda, asikudanganye mtu. Alikuwa karani wa mapokezi katika hospitali moja ndogo, mwanamke wa maneno makali na kicheko cha haraka. Pembeni ya dirisha lake ilikaa redio ya kaseti, na spika zake mbili zilitundikwa chumba cha kusubiria. Muziki wenyewe sasa! Vinanda vya polepole visivyo na maneno, mkanda uleule kutwa nzima. Mganga mkuu alisema unawatuliza wagonjwa, na kweli mwanzoni uliwatuliza. Watoto walinyamaza, wazee wa presha walisinzia midomo wazi, na wale wagombanaji wa foleni wakasahau kugombana.

Lakini ukuta uliotenga chumba kile na chumba cha dharura ulikuwa wa mbao nyembamba. Siku moja mtu alikata roho kule ndani, mkewe akapiga yowe, na watu kwenye mabenchi wakapagawa. Mjamzito mmoja alianguka palepale. Mama Redio akanyoosha mkono, akazungusha kitufe, vinanda vikajaa chumba na yowe likazama. Alisifiwa weee! Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake: muuguzi anachungulia mlangoni, anampa ishara ya macho, yeye anaongeza sauti. Wajane wangapi walilia mle ndani wasisikike? Hakuna aliyejali kuuliza. Hata alipoletewa msaidizi, binti mpole wa watu, alimfundisha hivyohivyo.

"Usilegee, mdogo wangu. Mmoja akisikika analia, wagonjwa wote watashtuka. Wewe ongeza tu."

Eti watashtuka! Kwani wagonjwa ni wajinga? Wale wa kliniki ya kila wiki walishaelewa kitambo. Muziki ukipanda tu, maongezi yanakatika, macho yote mlangoni, na kila mwenye mtu wake ndani anajishika kifua. Mzee mmoja wa kisukari, mtani wake mkubwa, alimwambia bila kuficha, "Mama Redio, presha yangu nyumbani haina shida. Inapandishwa na muziki wako."

"Kapimwe masikio, mzee wangu," akamjibu, na wote wakacheka. Hakutaka kujua zaidi.

Nyumbani sasa ndiyo kichekesho. Hakutaka kusikia redio hata ya jirani. Mumewe alikuwa fundi seremala, mtu wa porojo na vichekesho, hawezi kupiga randa bila muziki. Mkewe akirudi tu kutoka kazini, "Zima hilo dude, kichwa kinaniuma!" Naye anazima. Anaendelea na ubao wake huku akipiga mluzi chinichini, asisikike.

Asubuhi moja majirani walimleta hospitali wamembeba, jasho linamtiririka, mkono kifuani. Mama Redio alitoka mbio mapokezi, akamshika mkono mpaka mlango wa dharura.

"Usinililie hapa," mumewe akasema kwa shida, akajaribu kucheka. "Utawaharibia muziki."

"Subiri nje, dada. Tutakuita," muuguzi akasema, akafunga mlango. Miaka yote wanakunywa chai pamoja, leo anaachwa nje kama mtu baki!

Akakaa benchini. Alikuwa hajawahi kukaa pale. Spika ilikuwa juu ya utosi wake, na vile vinanda vilimwingia kichwani vikakataa kutoka. Alitaka kusikia kitu kimoja tu: kikohozi cha mumewe, au mguno, au hata tusi, ajue bado yuko hai. Alitega sikio kwenye mbao. Hakusikia kitu ila mkanda wake. Alivichukia vinanda vile, akajichukia na yeye. Mzee wa kisukari alisogea akakaa karibu naye. Siku hiyo hakutania.

Mlango ukafunguka kidogo. Muuguzi akachungulia, lakini hakumtazama yeye. Alimtazama binti dirishani.

Binti akainamisha kichwa, akazungusha kitufe. Vinanda vikapanda.

Maongezi yakakatika. Watu wote wakamgeukia Mama Redio, kisha wakayakwepa macho yake. Aliinuka, akajikokota mpaka dirishani.

"Zima."

"Dada yangu," binti akasema, machozi yanamtoka, "wagonjwa watashtuka."

"Nimesema zima!"

Binti hakuzima. Alikishikilia kitufe kwa nguvu, kama alivyofundishwa. Mama Redio akaingia kwa mlango wake wa kila siku, akauchomoa waya wa redio ukutani kwa mikono miwili.

Chumba kizima kikawa kimya. Akafungua kinywa akamlilia mumewe kwa sauti yake yote, wakasikia wa benchini, wa dirisha la dawa na wa barabarani. Mtoto mmoja aliyepakatwa na mama yake akaanza kulia naye. Hakuna aliyemnyamazisha.