Maji ya Mchana kwa Baba Lusajo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja huko Isongole, niliripoti na gauni jeupe lililopigwa pasi na viatu vyeupe, na Isongole ikanipokea kwa matope. Mganga Mfawidhi, ambaye ndiye mkuu wa zahanati, alinitazama miguu, akacheka kidogo, akanionyesha ndoo ya maji. Nikanawa. Kisha akaniketisha mezani nimuulize mgonjwa wa kwanza maswali ya kawaida: ameanza kuumwa lini, anaumwa wapi, ametumia dawa gani. Mimi ni msemaji tangu utoto. Yule mama mkulima wa viazi alikuwa bado anavuta pumzi ajibu, nami nimeshamjibia na kuhamia swali jingine.

Alipotoka, Mganga Mfawidhi akaniuliza, "Tusekile, umemhoji nani? Mbona aliyejibu ni wewe?"

Nikakosa la kusema.

"Hapo hapo," akasema. "Anzia hapo. Uliza, halafu nyamaza, hata kama ukimya unakuwasha."

Uliniwasha miaka mingi. Ninyi vijana mnaoingia kazini sasa na vishikwambi vyenu msidhani kuuliza ni kazi nyepesi. Kupima homa nilijifunza siku moja, lakini kunyamaza nilijifunza karibu kustaafu.

Kutoka Isongole nilihamishiwa hospitali mjini Tukuyu, wodi ya wanaume, chini ya Matroni ambaye alikuwa akipitisha kidole kwenye vyuma vya vitanda kutafuta vumbi na hakukosa kulipata. Tulimwogopa, na wagonjwa walimpenda. Yeye ndiye aliyenifundisha kumwinua mtu. "Mgonjwa si gunia," alikuwa akisema. "Humvuti kwapa. Unamwambia unachotaka kufanya, unamngoja, mnainuka pamoja." Alitufundisha kutumia mkanda wa kuinulia, yaani kitambaa kigumu kinachofungwa kiunoni mwa mgonjwa ili mwuguzi ashike mkanda badala ya kumng'ang'ania mwili. Mikanda ilipochakaa tulitumia vitenge vilivyokunjwa, na vilifanya kazi ileile.

Nilipokuwa nakaribia kustaafu, nikapangiwa kazi ambayo sikuwahi kuifikiria. Kulikuwa na utafiti wa kujua watu wazima wenye distrofia ya misuli wanaishije na wanapata huduma gani. Ugonjwa huo, kwa wasioujua, ni wa kurithi. Misuli hudhoofika kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na akili hubaki timamu ikitazama mwili unavyoaga. Hauna dawa ya kuuondoa, ila kuna mengi ya kumsaidia mtu aishi vizuri zaidi. Vijijini kwetu wengi hawajawahi kuusikia kwa jina. Wanasema fulani amerogwa, basi.

Mtafiti Mkuu alikuwa daktari kijana kutoka Dar es Salaam, umri wa mwanangu, aliyeniita mama na kunipa amri kwa upole. Alitufundisha kutumia dodoso, yaani ile orodha ya maswali ambayo kila mhojiwa huulizwa kwa namna moja. Alitufundisha kuomba ridhaa kwanza, kwa sababu mtu ana haki ya kukataa hata kama umepanda milima mitatu kumfikia. Na alitukataza mambo mawili: kumwongoza mhojiwa kwenye jibu, na kutoa ushauri katikati ya maswali. Tulipojaribu dodoso lile kwa mara ya kwanza, swali lilisema, "Je, unaweza kupanda ngazi?" Mzee mmoja wa Kawetele akajibu, "Ngazi za nani?" Mtafiti Mkuu alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaandika upya: "Je, unaweza kupanda mteremko wa shambani wakati wa mvua?" Hapo majibu yakaanza kumiminika.

Nilizunguka kwa bodaboda, mvua na jua. Nilimkuta mwalimu mmoja asiyeweza kuinua mikono, ambaye huandika ubaoni kwa kuusukuma mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na wanafunzi wake wamekua wakidhani walimu wote huandika hivyo. Nilimkuta mama fundi cherehani ambaye vidole vikishashika mkasi hukataa kuuachia, akanichekesha kwa kusema mkasi wake una wivu. Nilicheka naye, na niliporudi barabarani nikalia peke yangu. Sioni aibu kulisema hilo.

Lakini nyumba ninayotaka kuwasimulia ipo katika kijiji cha Lupepo. Majina nimeyabadilisha, na wenyewe wameniruhusu.

Nilifika karibu na adhuhuri. Mwanamke kijana aliyekuwa akimenya ndizi nyuma ya nyumba alipiga goti kunisalimu. Alikuwa Atupele, mke wa Lusajo, mtoto wa mwenye nyumba. Akaniambia, "Baba yupo barazani, Sista, pita tu." Yeye mwenyewe hakunisindikiza. Alipofika kwenye kona ya nyumba alisimama kana kwamba kuna ukuta, akarudi jikoni.

Mimi ni Mnyakyusa, nikaelewa. Kwetu mkamwana na baba mkwe hukwepana. Hawaketi pamoja, hawatazamani, hawasemezani. Akimwona njiani, mkamwana anaingia kwenye migomba mpaka apite. Vijana wa mjini wameiacha mila hiyo, ila mimi mwenyewe baba mkwe wangu nilimsikia sauti miaka yote ya ndoa yangu, na uso wake niliuona vizuri siku ya msiba wake.

Barazani alikuwa Baba Lusajo, mwanamume mpana wa mabega, ameketi juu ya benchi refu ambalo mwanawe alilipigilia magogo chini ili liinuke. Watu wenye ugonjwa huu wengi hivyo ndivyo walivyo: akishasimama anatembea, shida ni kuinuka. Kwa nyuma kulikuwa na choo chenye kiti cha juu na nguzo mbili za kushikia, kazi nzuri ya Lusajo huyohuyo. Kando ya mzee palikuwa na hotipoti ya chakula na jagi la maji lililofunikwa kwa sahani.

"Ugonile, Baba Lusajo," nikamsalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, Sista. Karibu fijo, karibu sana. Wengine wakija hapa wanatazama miguu yangu kwanza. Wewe umetazama uso."

Alijibu maswali yote kwa uchangamfu. Anaanguka mara ngapi, analalaje, anapumuaje. Akaniambia amelazwa zaidi ya mara moja kwa maambukizi ya njia ya mkojo, na figo zimeanza kumsumbua. Daktari alimwonya kwamba asipokunywa maji ya kutosha hatari ni kubwa. Nikalitazama jagi. Lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na midomo yake mwenyewe ilikuwa imekauka.

Nikasoma swali linalofuata kama lilivyoandikwa. "Nani anakusaidia kuinuka mchana?"

"Mchana siinuki."

Nilikuwa na maneno mengi. Nikayameza, nikanyamaza, na Mganga Mfawidhi wangu wa Isongole angejivunia. Upepo ulipita kwenye migomba. Mwishowe Baba Lusajo akasema, bila kunitazama, "Nikinywa, nitataka kwenda. Nikitaka kwenda, nani ataniinua? Lusajo yupo kwenye mashamba ya chai mpaka jioni. Majirani nao wapo huko. Mke wangu alishatangulia. Aliyebaki hapa ni mkamwana. Chakula hiki anakipika alfajiri ili mume wake aniwekee hapa kabla hajaondoka. Mtoto wa watu ananiheshimu. Nitamvunjiaje heshima yake kwa ajili ya kikombe cha maji?"

Jioni nilimsimulia Mtafiti Mkuu. Hakuwa mtu wa huku, na aliuliza kwanza kama mzee ametelekezwa. Nikamweleza mila yetu. Kisha akasema, "Mama, dodoso likiisha wewe ni muuguzi tena. Kesho nenda Lupepo kama muuguzi."

Nikaenda, na kitenge changu begani. Nilianzia jikoni. Nilidhani nitamkuta Atupele akiogopa, nikakuta ana hasira.

"Sista, unadhani silioni lile jagi?" akaniambia. "Kila jioni Lusajo analimwaga likiwa limejaa. Mama yangu mzazi nilimwinua mpaka alipofariki, kazi naijua. Lakini ugonjwa umeshamnyang'anya Baba kila kitu. Shamba, kanisa, baraza la wazee. Watu wanasema karogwa. Mtu pekee anayemkimbia kwa heshima, kama anavyokimbiwa baba mwenye mji, ni mimi. Nikiacha, atabaki na nini?"

Pale moyo uliniuma, maana niliona watu wawili wanaopendana wakiuana kwa adabu. Mzee anakufa kwa kiu asimvunjie mkamwana heshima, na mkamwana anamwacha na kiu asimvunjie mzee heshima. Nikamwomba ruhusa nifikishe maneno. Akakubali. Nikasimama kwenye kona ya nyumba, Atupele nyuma ya ukuta, Baba Lusajo barazani, na kati yao hapakuwa na umbali wa kumkosesha mtu kusikia.

"Mwambie Baba," akasema Atupele, "mimi siogopi kazi."

"Baba Lusajo, mkamwana anasema haogopi kazi."

"Nimesikia," akasema mzee, kisha akakumbuka adabu. "Yaani, mwambie najua. Tangu aolewe hajakaa bure. Ninachoogopa ni watu wasije kumwita asiye na haya."

"Mwambie haya ninayoiona mimi ni Baba kukaa na kiu nyumbani kwangu."

Hilo sikulifikisha. Lilifika lenyewe. Baba Lusajo aliliangalia jagi kwa muda mrefu, na machozi yakamtoka bila ya yeye kuweza kuinua mkono haraka kuyafuta. "Mwambie," akasema polepole, "sikujua kama ananiona."

Nikamsogelea, nikamwonyesha kitenge. Nikamfunga kiunoni kama Matroni alivyonifundisha, nikaacha mshikio ubavuni. Nikamweleza kwamba Lusajo atamfunga hivyo kila alfajiri, na kwamba anayeinua husimama pembeni, nyuma kidogo.

"Yaani anashika kitenge, si mimi?"

"Anashika kitenge."

"Na mimi natazama wapi?"

"Mbele, kule kwenye chai."

"Na yeye?"

"Naye mbele, kulekule."

Akafikiri sana. "Basi hakuna aliyemtazama mwenzake," akasema. "Aje."

Ilibaki shida moja. Matroni alisema umwambie mgonjwa, umngoje, muinuke pamoja, na hawa hawasemezani. Baba Lusajo ndiye aliyeitatua. Akaomba fimbo yake. Akigonga sakafu, mkamwana atajua anaitwa. Akigonga tena akiwa ameshikwa, wanainuka.

Atupele alikuja amejifunika khanga kichwani, akipita upenuni. Akashika kitenge, uso ukitazama bondeni. Fimbo ikagonga. Baba Lusajo akainuka, akayumba kidogo, akasimama. Hakuna aliyesema neno, na mimi msemaji nikiwamo. Alipotoka chooni na kukalishwa tena, Atupele alitoweka kwenye kona. Nikammiminia mzee maji. Akanywa kikombe chote, akapumua, akanyoosha kikombe nimwongeze. Nyuma ya ukuta nilisikia mtu akilia, na sikwenda kumnyamazisha.

Sasa nimestaafu. Ninalima parachichi na magimbi hapa Kawetele, na magoti yangu yananikumbusha kila mteremko niliopanda. Watu huniuliza kama nakumbuka sana kazi. Sikumbuki foleni wala zamu. Nakumbuka milango ya watu, na jinsi mtu anavyobadilika sura anapoona umekuja kumsikiliza. Nimefanya kazi chini ya wakuu wa kila namna, na nikiwaunganisha wote naona walinifundisha jambo moja kwa maneno tofauti: mngoje mwenzako. Ugonjwa wa Baba Lusajo haukurudi nyuma, wala hautarudi. Sikuwaponya watu hawa, na hilo bado linanihuzunisha.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kukabidhi gauni ilikuwa awamu ya pili ya utafiti, kuwarudia wahojiwa walewale na maswali yaleyale. Lupepo niliiacha iwe ya mwisho, kwa makusudi. Baba Lusajo alikuwa amekonda mabega, lakini midomo yake ilikuwa laini. Nilipofika kwenye lile swali, nikalisoma kama lilivyoandikwa.

"Nani anakusaidia kuinuka mchana?"

Akapaza sauti kuliko ilivyohitajika. "Andika Atupele. Mkamwana wangu."

Kwa adabu zetu jina hilo hakuwahi kulitamka. Nikaandika. Jagi lilikuwa tupu kando yake, na sahani yake ya kufunikia imewekwa chini. Akachukua fimbo, akagonga sakafu.

"Nakuja, Baba," ikajibu sauti nyuma ya ukuta, na hakuna aliyeniomba niyafikishe maneno hayo.